Kabla Ulipie Windows 11: Vile Mwanafunzi Anaweza Kuipata Bure ama kwa Bei Nafuu

Kila semista ikifunguliwa naletewa laptopu na wanafunzi wameambiwa huko town walipie Windows mpya, mmoja elfu moja, mwingine elfu tatu, na wengi wao hawakuhitaji kulipa chochote. Mimi hutengeneza kompyuta hapa Kisumu, wateja wangu wengi ni makomredi wa Maseno na wachache wanatoka Bondo na Kakamega, hii kitu nimeishika mara nyingi sana na nataka niiandike mara moja vizuri ndio mtu asome kabla atume M-Pesa.

Haraka yenyewe imetokana na Windows 10, Microsoft waliiacha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haizimi, itaendelea kuwaka na kazi utafanya kama kawaida, lakini zile apdeti za usalama za bure zilisimama hiyo siku, na laptopu ya kampasi inaingia kwa Wi-Fi ya watu wengi na inapokea flashi za darasa zima, usiiache hivyo.

Anza hapa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, gonga Enter, utaona uko kwa toleo gani, na kama ni Windows 10 hakikisha imeandikwa 22H2 kwa sababu hiyo ndiyo ya mwisho. Rudia tena Windows na R, andika slmgr /xpr na uache hiyo nafasi kabla ya mkwaju (/). Kitatokea kisanduku kidogo. Kikisema "permanently activated" hiyo ni dalili nzuri. Kikisema "Volume activation will expire" na tarehe mbele yake, basi hiyo ni leseni ya mashirika, inapewa siku 180 na kila mara inafaa ijisajili upya kwa seva ya hilo shirika. Kama laptopu umejinunulia na hakuna chuo ama kampuni iliyokuwekea, jua kuna mtu ameingiza programu ya kudanganya Windows, na hizo programu mara nyingi huja na virusi ndani.

Dada yangu mdogo yalimpata haya. Alilipa 1,500 kwa duka moja akaambiwa ni orijino ya wanafunzi. Akaja nyumbani wikendi, tukaketi mezani nikamwambia aandike hayo maneno mwenyewe, kisanduku kikatoka na tarehe ya miezi mitano mbele. Alikiangalia tu bila kusema kitu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba tulipogeuza laptopu tukasoma chini tukapata ni HP EliteBook 840 G5, zile ex-UK zilizotoka ofisi za Uingereza, na ilikuwa imekuja na leseni yake ya Windows Pro, toleo la kazi za ofisi, imehifadhiwa ndani ya bodi. Tukahamisha faili zake, tukafomati, tukaweka Windows 11 Pro safi kutoka tovuti ya Microsoft, na ilipopata intaneti ikakubali leseni yenyewe bila kuuliza ile namba ndefu ya herufi 25. Hakukuwa na kitu cha kununua hapo kabisa.

Kwa hivyo kabla uanze kutafuta diskaunti, jua kwanza uko na nini mkononi. Kutoka Windows 10 yenye leseni halali kwenda 11 ni bure kwa kila mtu, mwanafunzi ama mzee wa nyumbani, bora mashine ikubali. Microsoft wanataka rami ya GB 4 (hiyo itakutesa, tafuta 8), nafasi ya GB 64, Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwaka), TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine), na kwa Intel mara nyingi ni prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kizazi unakisoma kwa namba ya prosesa, i5-6300U ni cha 6, i5-8250U ni cha 8. Ndio maana EliteBook 840 G3 na G4 zinakataliwa na G5 nyingi zinapita, ThinkPad T470 inakataliwa na T480 nyingi zinapita, na kama bado hujanunua laptopu hiyo tofauti ya namba moja ikae kichwani ukiingia dukani. TPM unaiangalia kwa Windows na R halafu tpm.msc, soma mahali pameandikwa Specification Version. Ukiambiwa haipatikani usikate tamaa, mara nyingi imezimwa tu kwa BIOS (ile menyu ya mipangilio kabla Windows iwake), kwa Intel itafute kwa jina PTT, kwa AMD fTPM.

Sasa bei ya wanafunzi yenyewe. Watu wengi bado wanakumbuka ile ofa ya 2009, Windows 7 ilipotoka wanafunzi wa Marekani waliuziwa apgredi kwa dola 29.99 wakionyesha imeili ya chuo. Siku hizi nafuu ya mwanafunzi inapitia chuoni, na ufunguo wako ni ile imeili inayoishia na .ac.ke. Wengi walipewa mwaka wa kwanza wakasahau pasiwadi, nenda ofisi ya ICT na kitambulisho cha shule wakufungulie. Ukiwa hapo uliza swali moja: chuo kina mkataba na Microsoft unaowafikia wanafunzi? Kama upo unaweza kupewa Windows Education, toleo la mashule, bila kulipa, ila leseni za mikataba hii ni za kupandisha tu, laptopu lazima iwe na Windows halali tayari. Njia ya pili ni Azure for Students, mpango wa Microsoft wa wanafunzi, unajisajili na hiyo imeili bila kadi ya benki, unapewa dola 100 za kujifunzia na pia ukurasa wa programu za wanafunzi, pitia hiyo orodha uone kama Windows Education iko kwa chuo chako. Ukipata namba, ingia Settings, System, Activation, halafu Change product key, Home (toleo la kawaida la nyumbani) itageuka Education na faili zako zibaki vile zilikuwa. Kusema ukweli, kama wewe ni wa kuandika asaimenti na kusoma PDF, Home inakutosha, usihangaike.

Hizo namba za leseni za shilingi 500 mtandaoni achana nazo. Windows 11 Home bei ya Microsoft huko Marekani ni dola 139, Pro 199.99, hakuna diskaunti ya mwanafunzi inayoshuka hadi hiyo 500.

Kitu kingine tafadhali, laptopu yako ifungue kwa akaunti yako binafsi, usitumie ya shule. Windows 11 siku hizi inaweza kufunga diski yenyewe kwa namba ya siri na namba ya kuifungua inatunzwa kwa akaunti uliyoingia nayo. Ukimaliza chuo imeili ikafungwa, halafu siku moja mashine iitishe hiyo namba ya tarakimu 48, projekti na picha zote zimebaki ndani. Ingia aka.ms/myrecoverykey leo, nakili namba yako kwa karatasi, weka pale unaweka cheti cha KCSE.

Mashine ikikataliwa bado kuna njia. Kwa Windows 10 fungua Windows Update utafute "Enroll now", hiyo inakupa apdeti za usalama hadi 13 Oktoba 2026, bei ni dola 30 lakini ukikubali kuhifadhi settings zako kwa akaunti ya Microsoft ni bure. Ama uweke Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows, ni bure kabisa na inakimbia vizuri kwa laptopu nzee, mimi nimeiwekea wanafunzi kadhaa wakarudi kunishukuru, ila kama unasomea mambo ya ramani ama ujenzi kumbuka ArcGIS Pro na AutoCAD hazikai kwa Linux. Wenye Mac nyinyi apgredi za mfumo wenu ni bure tangu 2013.

Siku ya kupandisha, kopi kazi zako kwa diski ya nje, chaji laptopu ijae na uiache kwa chaja stima ikiwa imetulia, na utumie Wi-Fi ya shule kwa sababu ni GB kadhaa, bando la siku halitoshi. Ikimaliza jaribu printa, Wi-Fi na programu za kozi yako siku hiyo hiyo, maana uko na siku 10 tu za kurudi Windows 10 kupitia Settings, System, Recovery, Go back, zikiisha hizo faili za zamani zinafutwa na itabidi kufomati.