Oti si ya uji peke yake: namna ninavyoimaliza kilo kabla fukusi hawajaniwahi

Wanangu hawali uji wa oti. Nimeutia maziwa, nimeutia iliki, nimeutia tende. Wanaukoroga, wanautazama, kisha wanauliza mahamri yako wapi. Na bado kila nikienda Marikiti narudi na kilo ya oti, kwa sababu kwangu hapa Mombasa uji ndiyo kazi yake ndogo kabisa.

Nunua ya kupimiwa. Ya kopo ni nzuri, na kopo lenyewe lina faida yake (bati la Quaker, lile la mzee mwenye kofia, mpaka leo ndilo linalowekewa karafuu jikoni kwa mamangu), lakini sehemu ya pesa yako inakwenda kwenye bati. Chagua iliyobanwa ikiwa nzima, vipande vipana, si ile ya kuiva kwa dakika moja. Ya haraka imekatwakatwa mno, na ukiitia kwenye supu hugeuka gundi. Nzima unaweza kuisaga mwenyewe ikawa ndogo. Ndogo huwezi kuirudisha ikawa nzima. Nusa kabla ya kulipa. Oti ina mafuta mengi kuliko ngano, ndiyo maana kiwandani huipitisha kwenye mvuke ili mafuta yale yasiharibike upesi. Ikinuka mafuta ya kale, mrudishie mwenye duka.

Ikifika nyumbani isiende kabatini moja kwa moja. Ifunge vizuri, itie friza siku 4, wafe fukusi na mayai yao. Ukiitoa, usiifungue mpaka baridi iishe kabisa, la sivyo unyevu wetu huu wa pwani utaishikia humo ndani na utaota ukungu. Halafu igawe mara tatu: nyingi ibaki ilivyo kwenye chupa ya kufunga vizuri, sehemu ikaange kavu kwenye kikaango mpaka iwe rangi ya hudhurungi na jiko linukie, na kidogo isage kwa blenda iwe unga. Unga usiuzidishe, saga wa wiki moja au mbili tu, maana ukishasagwa huharibika mapema.

Sasa shurba, ile supu nzito ya nyama na nafaka. Mwezi wa Ramadhani hakuna siku inayopita bila shurba mezani, na wapo wanaoipika kwa ngano ya kupondwa, inayotaka kulowekwa na moto wa muda mrefu. Ya oti huokoa gesi. Chemsha nusu kilo ya nyama ya mbuzi yenye mifupa kwa lita 2 za maji, pamoja na thomu na tangawizi iliyopondwa, kijiti cha mdalasini, pilipili manga na chumvi. Nyama ikilainika, weka sufuria ndogo pembeni, yeyusha kijiko cha samli, kaanga kitunguu na bizari nyembamba, kisha tia nusu kikombe cha oti uigeuzegeuze ndani ya samli mpaka inukie. Hapo ndipo ladha ilipo. Anayemimina oti mbichi kwenye supu amepika uji wa nyama. Mimina kwenye supu, punguza moto, koroga mara kwa mara kama robo saa. Itazidi kuwa nzito ikikaa, kwa hivyo epua ingali nyepesi kuliko unavyoitaka na uweke maji moto karibu. Ndimu ni ya mwisho, kila mtu kwenye bakuli lake.

Uzito ule unatokana na utelezi wa oti, unaoitwa beta-glukani, na ndio unaosifiwa kwa kushusha kolesteroli. Marekani waliruhusu sifa hiyo iandikwe kwenye vifungashio tangu mwaka 1997, kwa kiwango cha gramu 3 kwa siku, ambazo utazipata kwenye robo tatu ya kikombe cha oti kavu. Bakuli moja la shurba halifikishi. Lakini linasogeza.

Kababu nazo. Nyama ya kusaga bei yake haishikiki, na wengi hutia mkate uliolowekwa ili iongezeke. Mimi hutia oti iliyosagwa kidogo, isiwe unga kabisa: nusu kikombe kwa nusu kilo ya nyama, yai moja, maji ya ndimu, kotmiri, pilipili mbichi. Iache dakika 20 inywe maji ya nyama kabla hujaviringa. Mkate huvuta mafuta na kababu hufumuka kwenye karai, hii hushikana. Ile uliyokaanga kavu, iponde kwa mchi, uchovyee vipande vya samaki badala ya chenga za mkate. Kwa chapati, robo ya unga wa ngano ibadilishe kwa unga wa oti, usizidishe, kwa sababu haina mvuto wa ngano na chapati itapasuka. Chapati za maji hazina shida hiyo, tia hata nusu kwa nusu.

Maziwa ya oti yanayouzwa kwa boksi ni ghali bila sababu. Kikombe 1 cha oti mbichi, vikombe 4 vya maji baridi sana, saga kwa blenda chini ya nusu dakika, chuja kwa kitambaa bila kukikamua. Ukisaga sana au ukikamua, yanateleza kama maji ya bamia. Weka kwenye friji, tikisa kabla ya kumimina, yamalize kwa siku 3. Ya chai usiyachemshe: pika chai ya rangi yenye tangawizi na iliki, epua, ndipo utie maziwa. Mtoto mchanga haya si maziwa yake, tafadhali. Makapi yanayobaki kwenye kitambaa yaende kwenye chapati za maji.

Sasa ngozi, na hapa nitakaa kidogo. Kaskazi ikikaza, Januari mpaka Machi, watoto huota harara shingoni na mgongoni. Liwa, ule mti wa manukato unaosagwa na kupakwa mwilini, tunaijua, na sijaiacha, lakini liwa ya kweli imekuwa bei ya dhahabu. Chukua unga wa oti laini kabisa. Kuujua, tia kijiko kwenye glasi ya maji ukoroge. Maji yakiwa meupe kama maziwa, uko tayari. Unga ukizama chini, rudisha kwenye blenda. Funga vijiko vinne vikubwa kwenye kipande cha leso kuukuu, kitie kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kiminye mpaka maji yageuke, kisha mkalishe mtoto dakika 10 umwagie mgongoni taratibu. Mkaushe kwa kugusagusa, usimsugue. Kufunga kwenye kitambaa kuna maana mbili: hupati chenga mwilini, na bomba la bafuni halizibi. Sakafu itateleza, mshike.

Wakati wa tetekuwanga mwasho hupungua kwa maji haya haya. Tangu 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeitambua oti iliyosagwa laini kuwa kinga ya ngozi, kwa hivyo si maneno ya bibi tu. Jaribu kwanza mkononi, ndani ya kiwiko, uone kama ngozi inaikubali. Vipele vyenye usaha, au vinavyokuja na homa kali, ni vya hospitali.

Msichana wa nyumbani akiwa na harusi, tumia unga huo huo kuongezea singo, ule mchanganyiko wa kumsugulia bi harusi mwilini: oti sehemu mbili, mawaridi makavu yaliyosagwa sehemu moja, liwa kidogo, uchanganye kwa marashi. Singo itatosha na mashoga zake.

Wanaosema uweke bakuli la oti kwenye friji livute harufu, sioni faida. Magadi ya kuokea yanafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Lakini mikono iliyoparua samaki, isugue kwa oti kavu kiganja kimoja na nusu ya ndimu, ndipo uoshe kwa sabuni. Chenga zilizobaki mwisho wa chupa, maadamu hazijaota ukungu, wape kuku.