Picha za kupamba hazikai popote: kuchagua tovuti na albamu ya mtandaoni kwa mpigapicha wa harusi

Napiga picha za harusi hapa Mombasa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni upande wa wanawake: usiku wa hina, singo (kumsugua bibi harusi kwa manukato), na juu ya yote kupamba, pale bibi harusi anapoketishwa jukwaani atazamwe na wanawake wenzake. Mlangoni husimama wanawake, simu huzuiliwa, mabuibui huvuliwa, na kamera inayoruhusiwa ndani ni yangu na ya msaidizi wangu, naye pia ni mwanamke. Kwa hivyo wapigapicha chipukizi wakiniuliza, "Dada, nichukue huduma gani ya kuwekea picha?", sianzi na jina la kampuni. Naanza na swali: albamu hii itafunguliwa na nani, na ni nani asiyepaswa kuiona hata kwa bahati mbaya? Ukishalijibu hilo kwa kila aina ya kazi unayofanya, orodha ndefu ya kampuni inafupika yenyewe. Swali hilohilo linamfaa anayepiga harusi za kanisani Nakuru au mahafali Dodoma.

Tovuti ni moja, albamu ni nyingine

Tovuti ni ya watu wasiokujua. Wanakuja kuona kazi yako, bei na namba ya simu. Albamu ni ya mteja aliyekwisha kulipa. Kampuni nyingi sasa zinauza vyote viwili pamoja, lakini kila moja ina upande wake wenye nguvu. Pixieset, Pic-Time, ShootProof na SmugMug zinajulikana kwa albamu za wateja; Squarespace, Format na WordPress kwa tovuti.

Nakushauri uanze na albamu. Tovuti mbovu itakukosesha mteja mpya, lakini albamu mbovu itamuumiza mteja uliye naye, na Mombasa habari hutoka Kuze ikafika Kizingo kabla ya adhuhuri. Ukishapata albamu unayoiamini, tovuti yaweza kuwa ukurasa mmoja tu kwa kuanzia. Kama tayari unalipia Lightroom, programu ya kuhariri picha ya Adobe, basi Adobe Portfolio, huduma yao ya tovuti, imo ndani ya malipo hayo bila nyongeza. Wengi wanalipa kila mwezi na hawajui kwamba wanayo tovuti.

Siri kwanza

Akina mama hawaniambii habari za "faragha ya data". Huniambia, "Mwanangu, nisije nikaziona picha hizi kwa watu." Hilo kwangu ndilo sharti la kwanza la mkataba, na huduma yoyote naipima kwa sharti hilo. Nikijaribu huduma mpya, napandisha albamu ya maua na vitambaa, kisha naichunguza kama mtu anayetaka kuiingia bila ruhusa.

Naanza na neno la siri. Liwe la albamu nzima, tena huduma iniruhusu kulibadilisha wakati wowote. Halafu naangalia ukurasa wangu wa mwanzo, kwa sababu kuna huduma ambazo usipozima kitufe kimoja hupanga hapo albamu zote za wateja, majina na tarehe vikiwa nje. Kizime kabla ya kupandisha picha hata moja, na zima pia ruhusa ya albamu kuonekana Google.

Ndani ya albamu, lazima niweze kugawa sehemu: picha za bibi harusi peke yake, za jamaa, za wageni. Pixieset ina njia ya kumpa mteja neno lake maalumu, akaingia mwenyewe na kuficha picha moja moja asizotaka wengine wazione. Hili nalithamini sana. Mimi siwezi kujua kwamba shangazi yake hataki ile picha anayocheza chakacha ionekane. Bibi harusi anajua. Huduma isiyompa mteja uwezo huo inakubebesha wewe maamuzi ya familia ya watu.

Sasa jambo ambalo wapigapicha wengi hulisahau: picha ya jalada. Ukituma linki kwa WhatsApp, kipicha kidogo hujitokeza pamoja nayo, na mara nyingi ni cha jalada, hata albamu ikiwa imefungwa kwa neno la siri. Linki ikiingia kwenye kundi la familia lenye wanaume, uso wa bibi harusi umeshaonekana kabla ya mtu yeyote kubonyeza. Jalada langu huwa mkono wenye hina na piko (rangi nyeusi ya kupambia), au kikuba cha asumini, au jukwaa kabla ya watu kuingia. Jitumie linki wewe mwenyewe kwanza uone kinachotokea. Linki naituma kwa WhatsApp, lakini neno la siri namtajia bibi harusi kwa sauti tukizungumza kwa simu, ili viwili hivyo visisafiri pamoja.

Huduma kadhaa siku hizi hutambua nyuso, mgeni akajitafuta kwa kupiga selfi. Kwenye mkutano wa hoteli wenye mamia ya watu huo ni msaada mkubwa. Kwa kupamba naizima, na isipozimika naiacha huduma yenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inazihesabu taarifa za kibayometria, yaani vipimo vya mwili kama vya uso, kuwa taarifa nyeti, na wanawake mia mbili walioingia ukumbini kula na kucheza hawakukubali nyuso zao zipimwe na mashine.

Usidhani sheria hizi ni za makampuni makubwa tu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na sehemu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Wenzetu wa Tanzania nao wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Picha ya mtu ni taarifa yake.

Na mwambie mteja ukweli kabla hajatia sahihi: hakuna huduma inayoweza kumzuia mtu kupiga picha ya skrini. Kuzuia kitufe cha kulia cha kipanya hakusaidii kwenye simu, na jina lako juu ya picha linaonyesha tu nani aliipiga. Ulinzi wa kweli ni kupunguza watu wenye neno la siri.

Ifungue kwa simu ya bei rahisi

Kampuni hizi hutangaza albamu zao kwenye skrini pana za kompyuta. Mteja wangu anaifungua jikoni, kwa Android ya bei ya chini, kwa bando la siku. Basi ijaribu hivyo. Zima Wi-Fi, fungua linki kutoka ndani ya WhatsApp, teremka mpaka picha ya mwisho. Picha zije moja baada ya nyingine unavyoteremka. Ukikuta ukurasa mweupe unazunguka, au bando limeyeyuka kabla hujafika katikati, hiyo haifai. Kisha mpe mama yako au shangazi yako ajaribu, nawe ukae kimya. Mahali atakapokwama ndipo wateja wako watakwama.

Kupakua ndiko kwenye taabu zaidi. Huduma nyingi, mtu akibonyeza kupakua zote, humwomba anwani ya barua pepe, zikafunga picha kwenye faili moja la ZIP na kumtumia linki. Wateja wangu wengi wana barua pepe kwa sababu simu iliidai siku ya kwanza, na hawajaifungua tena. Akilipata hilo faili la gigabaiti kadhaa, simu inajaa. Kwa hivyo sharti langu ni kwamba mtu aweze kuchagua picha moja na kuihifadhi kwenye simu papo hapo. Seti kamili nampa bibi harusi kwa flashi ya USB, mkononi, ndani ya bahasha.

Jamaa walioko Muscat, Dubai na London ni habari nyingine. Wao wana intaneti ya kasi, na wengi hawakuweza kuja, kwa hivyo hutaka ukubwa kamili. Tafuta huduma inayokuruhusu kufungua ukubwa kamili kwa watu fulani tu, kwa namba ya siri ya kupakulia iliyo tofauti na neno la kuingilia.

Hesabu ya nafasi na ya pesa

Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili la picha (JPEG) la megabaiti 9 hivi. Kupamba kwa picha 700 ni gigabaiti 6.3. Mpango wa bure wa Pixieset ni gigabaiti 3, kwa hivyo unajaa kabla ya harusi moja kwisha. Lakini ukizitoa picha kwa pikseli 2048 upande mrefu, katika sRGB (mpangilio wa rangi wa kawaida wa skrini), kila moja inashuka hadi chini ya megabaiti moja, na gigabaiti 3 zinabeba harusi nne au tano. Kwa anayeanza hiyo yatosha: mtandaoni weka za kutazamia, ukubwa kamili uende kwa flashi. ShootProof huhesabu idadi ya picha badala ya gigabaiti. Huko unalipia wingi, hata picha zikiwa ndogo. SmugMug haina mpango wa kudumu wa bure, lakini haikupimii nafasi ya picha.

Bei ni za dola, na dola hupanda. Kwa Kenya, kadi ya M-PESA GlobalPay iliyokuja 2022 inakuwezesha kulipa bila akaunti ya benki, ila hakikisha ina pesa siku ya malipo. Malipo yakigoma, albamu inaweza kufungwa wakati bibi harusi anaionyesha kwa wakwe. Lipa mwezi kwa mwezi mpaka uizoee, ndipo ulipe mwaka. Na majaribio yafanye mapema, kwa mfano ndani ya Ramadhani kazi zikipungua, kwa sababu baada ya Idi harusi zinafuatana na hutapata nafasi hata ya kulala.

Duka la kuuzia picha za kuchapishwa, ambalo kampuni hizi hulisifu mno, kwangu halina uzito. Oda hupelekwa kwa maabara za kuchapishia picha za ng'ambo, kama Marekani na Uingereza, na usafirishaji mpaka Mombasa unaumiza. Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya kadi ambayo maduka mengi huitegemea, haifungui akaunti moja kwa moja kwa biashara za Kenya wala Tanzania. PayPal ya Kenya inaweza kutoa pesa kwenda M-Pesa tangu 2018, lakini mpango wa bure wa Pixieset unakata kamisheni ya asilimia 15 ya mauzo. Mteja wa hapa namchapishia mjini, analipa kwa namba ya Till ya M-Pesa, anaichukua albamu yake ya karatasi. Usilipie mpango mkubwa kwa ajili ya duka peke yake.

Anwani iwe yako

Ahadi za bure hubadilika. Mwaka 2017 Photobucket ilianza kudai karibu dola 400 kwa mwaka ili picha zionekane kwenye tovuti nyingine, na picha za watu zikazimika duniani kote. Flickr, baada ya kununuliwa na SmugMug mwaka 2018, iliwawekea wasiolipa kikomo cha picha 1,000. Google Photos iliacha nafasi ya bure isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021.

Ndiyo maana nasisitiza ununue anwani yako mwenyewe, .co.ke au .co.tz, iliyosajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako. Usimwachie kijana wa kutengeneza tovuti aisajili kwa jina lake. Siku mkikosana, jina la biashara yako liko mkononi mwake. Ukiwa na anwani yako, ukihama kampuni wateja wanaendelea kukupata palepale. Albamu ya mtandaoni pia si ghala. Weka diski mbili, katika nyumba mbili.

WordPress kwenye seva za hapa, zinazolipiwa kwa M-Pesa, ni njia nzuri ya tovuti ikiwa uko tayari kuisasisha mara kwa mara. Albamu za wateja usiziweke humo. Seva ya bei rahisi inazidiwa.

Tovuti isiyo na nyuso

Utaonyeshaje kazi usiyoruhusiwa kuionyesha? Piga kwa makusudi picha za tovuti katika kila harusi: miguu yenye hina juu ya mswala, dhahabu kwenye sinia, mgongo wa gauni, moshi wa udi, mikono ya somo, yule mwanamke anayemfunda bibi harusi, akimpamba mwari. Mteja makini atauona mwanga wako na utulivu wako humo. Chagua muundo wenye picha chache kubwa, maana miundo ya vijipicha vingi imetengenezwa kwa nyuso. Andika kwa Kiswahili, tena juu kabisa, kwamba wapigaji na wahariri wote ni wanawake, weka bei ya kuanzia, na kitufe cha WhatsApp. Mambo mengine yatangoja.

Ruhusa ya kuonyesha uso naiomba baada ya mteja kuziona picha, kwa maandishi, picha kwa picha. Kwenye mkataba huonyesha pia albamu itakaa mtandaoni kwa muda gani. Mimi huweka miezi sita, na kabla ya kuifuta namkumbusha kwa WhatsApp. Akitaka picha itolewe mapema, hata ile aliyoniruhusu, naitoa siku hiyohiyo, kisha naandika tarehe kwenye faili lake.