Kufunga korona kabla ya kubadilisha visu vya ngoma

Kitufe cha kuzima korona, yaani mashine inayokwangua majani ya mkonge kwa visu vilivyofungwa kwenye ngoma zinazozunguka, hakikati umeme mkubwa. Kinakata waya wa amri unaoishika kontakta (swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota), basi. Kontakta ikinata, au mtu wa upande wa mlisho akibonyeza "washa", ngoma inazunguka na mkono wako umo ndani. Kwa hiyo kwenye viwanda vya mkonge, kuanzia Muheza hadi Korogwe, kazi ya visu ianzie kwenye swichi kuu.

1. Waarifu wanaolisha majani, wanaopokea singa (nyuzi za mkonge) na mwangalizi wa jenereta. Maliza majani yote yaliyo kwenye mnyororo unaoyaingiza.

2. Zima, kisha subiri ngoma zisimame zenyewe. Ni chuma kizito. Usizizuie kwa gogo.

3. Kata swichi kuu ya kila mota: ngoma zote, mnyororo na pampu ya maji. Jenereta inayojiwasha umeme wa TANESCO ukikatika nayo ikatwe. Hii husahaulika kuliko zote.

4. Kila fundi aweke kufuli lake kwenye swichi iliyokatwa na ufunguo akae nao mwenyewe, pamoja na kibao chenye jina, kazi na saa. Kuchomoa fyuzi na kuitia mfukoni hakutoshi, kwani nyingine haikosekani stoo.

5. Mota ikiendeshwa na kifaa cha kubadili kasi, kapasita zake (vihifadhi umeme vya ndani) hubaki na chaji. Subiri muda ulioandikwa kwenye kifaa chenyewe.

6. Pima kwa testa ya ncha mbili, si bisibisi ya taa. Ijaribu kwanza penye umeme, ndipo upime waya za mota: fezi (waya zinazobeba umeme) kwa fezi mara 3 (umeme ukiwepo utaona kama volti 400), na kila fezi kwa ardhi. Rudi tena penye umeme uhakikishe testa haijafa katikati ya kazi. Halafu bonyeza "washa"; kimya kikitawala, bonyeza "zima".

7. Sasa ndipo ubane ngoma kwa kabari. Ukiibana kabla ya kujaribu kuwasha, ngoma itatulia hata kama umeme upo, nawe utadhani uko salama.

Visu vikishakazwa huja majaribio, na hapo ndipo watu hulegea. Toa kabari na zana, rudisha kinga, hesabu watu, kisha kila mmoja atoe kufuli lake. Mtu mmoja tu akae kwenye kitufe. Washa sekunde chache usikilize. Visu vikigonga bamba ambalo majani hukwanguliwa juu yake, usifungue kinga "kukaza boliti moja tu": rudi hatua ya 2, pamoja na kupima.

Zamu ikibadilika, anayeingia atangulie kuweka kufuli lake kabla anayetoka hajatoa la kwake. Mtu akiondoka na ufunguo, msimamizi ahakikishe hayumo kiwandani, akague mashine, ndipo kufuli likatwe. Mwenye kufuli naye aambiwe kabla hajaigusa korona tena.