Kuziba ufa wa pembe ya baruti na kuipa sura ya ukale

Pembe ya baruti ni pembe ya mnyama iliyobebea baruti ya bunduki zamani. Kwanza ijaze maji, tikisa, mwaga. Baruti iliyoganda ndani ikikauka huwaka bado. Maji huyeyusha shura yake, ile chumvi inayoisaidia kuwaka. Hapa Bagamoyo wateja hunicheka kwa hilo. Wacheke tu.

Ufa mdogo uzibe kwa unga wa pembe uliokwanguliwa kwa tupa, ukichanganywa na gundi ya kopo mbili. Sindilia, funga uzi, uache mpaka kesho. Nta peke yake haifai, jua letu litailainisha.

Kitako cha mbao kinachoziba mdomo mpana kikicheza, kitoe, chovya mdomo huo kwenye maji yanayochemka. Pembe ni jamii ya kucha, hulainika. Gonga kitako ndani pembe ingali moto. Pembe ikipoa itakibana. Mimi natumia mvule.

Sasa ukale. Loweka misumari ya kutu kwenye siki siku kadhaa. Piga pembe msasa, paka chai ya rangi nzito isiyo na sukari, ikauke, kisha paka siki ile: unaona weusi unapanda. Sugua kwa majivu pale tu ambapo nyonga na mkono vingegusa. Mifereji iache myeusi. Wengi hupaka sawasawa kote, pembe ikatoka kama bomba la lami. Mwisho nta ya nyuki, kidogo, kwa kitambaa cha kanga kuukuu.