Somo: Kupanga vifaa vya watoto vya kuchora, kukata na kubandika

Wazazi wenzangu, leo tulishughulikie lile boksi. Mnalijua: krayoni zilizovunjika, gundi isiyo na kifuniko, shanga zilizomwagikia chini kabisa. Mtoto akitaka penseli nyekundu, anamwaga vyote. Mimi nilinunua makopo mazuri yenye vifuniko nikapanga, na baada ya siku tatu fujo ikarudi. Nilikuwa nimefikiria namna ya kutoa tu. Kutoa hakumshindi mtoto. Kinachomshinda ni kurudisha. Ukimtaka wa miaka minne avute droo, atoe kopo, afungue kifuniko ndipo aweke penseli, ataiacha sakafuni. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ipime kwa swali moja: mwanangu ataweza kukirudisha mwenyewe?

Hatua ya 1: Mwaga, kisha jaribu
Tandika shuka kuukuu, mwaga vyote, kaa na mtoto. Kila kalamu ijaribiwe kwenye karatasi. Gundi iliyoganda na rangi iliyoanza kunuka, tupa. Vipande vifupi vya krayoni viache, maana vinamfundisha mtoto mdogo kushika kwa ncha za vidole badala ya kukamata kwa ngumi.

Hatua ya 2: Tenga kwa hatari kwanza
Hapa msiharakishe. Wengi huanza kutenga kwa aina: kalamu huku, karatasi kule. Anza na mafungu matatu. La kwanza ni vitu anavyochukua bila kuomba: krayoni, penseli, karatasi, stika. La pili ni vya kutumia ukiwepo: mkasi, gundi, rangi za maji. La tatu ni vyako peke yako: sindano, wembe wa kukatia karatasi, gundi ya moto, gundi inayoganda papo hapo. Fungu la kwanza likae usawa wa kifua chake, la pili usawa wa kichwa chako, la tatu lifungiwe.

Kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka 3, shanga na vifungo viende kwenye fungu la tatu hata kama mkubwa ana miaka 8. Chukua kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kitu chochote kinachopenya humo kinaweza kumkaba mtoto. Sumaku ndogo zenye nguvu ni hatari zaidi: akimeza mbili, huvutana ndani na kutoboa utumbo. Betri bapa za duara, zile za kadi zinazoimba, ikikwama kooni huweza kuunguza ndani ya saa 2. Ukishuku amemeza kimojawapo, usisubiri dalili, mpeleke hospitali.

Hatua ya 3: Vyombo
Fungu la kwanza lipewe vyombo vilivyo wazi juu. Boksi la viatu lisilo na kifuniko linashinda kasha la thamani. Vyombo vyenye vifuniko viwe vya kuwekea udongo wa kuchezea, ambao hukauka ukipata hewa, na shanga. Mkasi usimame ncha chini. Kalamu za wino zilale, wino usikimbilie upande mmoja. Brashi zioshwe mara moja, zilazwe zikauke, kisha zisimame nywele juu. Ikisahaulika kwenye kikombe cha maji, nywele hupinda na mpini huanza kulegea.

Hatua ya 4: Alama
Mwache achore mwenyewe picha ya kilichomo, ubandike mbele.

Hatua ya 5: Karatasi
Zilale, mbali na jua, maana za rangi hupauka. Mabaki ya kukata yapate boksi moja dogo, likijaa, yanapunguzwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa mapacha: Kalamu za wino zimekauka baada ya kuachwa wazi usiku kucha. Nizitupe?
Jibu: Bado, dada. Kama wino wake ni wa maji, chovya ncha kwenye maji ya vuguvugu sekunde chache, funga, laza hadi kesho. Zile za wino usiofutika hazifufuki kwa maji.

Baba mmoja: Tunaishi chumba kimoja, hatuna hata kabati.
Jibu: Kaka, tumia mlango. Ule mfuko wa kuning'iniza wenye vijimfuko vingi vya viatu unatosha kabisa. Vya chini viwe vyake, vya juu viwe vya fungu la pili. La tatu libaki kwenye sanduku lenye kufuli.

Mwalimu wa chekechea: Na michoro yenyewe? Kila siku anatengeneza mitano, na roho inaniuma kutupa.
Jibu: Mwalimu, hili liliniumiza na mimi. Niliwahi kutupa kimyakimya, mwanangu akaikuta kwenye pipa, na kwa wiki kadhaa hakunionyesha mchoro tena. Sasa kila mwisho wa mwezi tunaitandaza yote mezani. Yeye anachagua mitatu, mimi mmoja, tunaandika tarehe nyuma kwa penseli. Vitu vikubwa vya maboksi tunavipiga picha, naye akiwa amevishika.