Somo: Kumtafutia Makao Mbwa wa Kituoni Mwenye Maradhi na Tabia Ngumu

Somo hili nimeliandaa kwa ajili ya wasimamizi wa vituo vya hifadhi na walezi wa muda ambao wanaye mbwa anayepitwa na kila mgeni. Mara nyingi mbwa huyo ana mambo mawili kwa pamoja: ugonjwa unaodai dawa au uangalizi wa kudumu, na tabia isiyofichika, kama vile kuwaogopa wageni, kulinda chakula kwa meno, kuwarukia mbwa wenzake akiwa kwenye kamba, au kukwaruza mlango hadi kucha zitoke damu pindi anapoachwa peke yake. Mbwa wa namna hii huweza kupata makao ya kudumu. Hata hivyo, kumtafuta mtu mwenye huruma kuliko wote hakutoshi. Inatupasa kumtafuta mtu ambaye siku yake ya kawaida, pamoja na saa zake za kazi, wageni wake na ngazi za nyumba yake, inaweza kumpokea mbwa huyu bila yeyote kati yao kuelemewa. Hatua zote zinazofuata zinatokana na msimamo huo.

Hatua ya kwanza: Anza kwa daktari wa mifugo

Kabla ya kumwita mkufunzi, hakikisha mbwa amepimwa kikamilifu, kwa kuwa maumivu huweza kujionyesha kwa sura ya ukali. Jino lililooza, sikio lenye uambukizo, nyonga yenye yabisi au jicho linalopoteza nuru huweza kumfanya mbwa mtulivu amgeukie kwa meno yule anayemgusa au anayemjia ghafla. Tabia iliyobadilika kwa muda mfupi, hasa kwa mbwa mzima ambaye zamani hakuwa nayo, ichunguzwe kama dalili ya ugonjwa mpaka daktari aseme vinginevyo.

Mwombe daktari aandike kwa lugha nyepesi jina la ugonjwa, dawa na kipimo chake, saa za kuitoa, kinachotokea dozi ikirukwa, vipimo vinavyopaswa kurudiwa na dalili za hatari. Tuchukue mfano wa kifafa, ugonjwa unaowatisha wengi. Mbwa anayetumia fenobabitoni, dawa ya kuzuia degedege, kwa kawaida hupewa dawa kila baada ya saa 12, na hupimwa damu mara kwa mara ili kujua kiwango cha dawa mwilini na hali ya ini. Dawa hiyo haikatishwi ghafla, kwa sababu kuikatisha kunaweza kuleta degedege kali kuliko la awali. Degedege linalozidi dakika 5, au linalojirudia mara mbili au zaidi ndani ya saa 24, ni jambo la dharura. Mtu asiingize mkono kinywani mwa mbwa wakati huo, na baada ya degedege ampe nafasi, kwa maana mbwa huweza kuchanganyikiwa na kutomtambua hata anayempenda.

Hapa pana jambo ambalo mara nyingi husahaulika. Fenobabitoni huongeza njaa, kiu na haja ndogo, na dawa za jamii ya steroidi, zile za kutuliza uvimbe na mzio, hufanya vivyo hivyo. Mbwa aliyekuwa akilinda bakuli kidogo huenda akalilinda kwa nguvu zaidi baada ya kuanza dawa, na aliyejua kujizuia huenda akakojoa ndani ya nyumba. Kwa hiyo faili la daktari na faili la mkufunzi yasomwe pamoja. Anayeyatenganisha atamwadhibu mbwa kwa sababu ya kidonge alichopewa.

Hatua ya pili: Andika alichokifanya, usiandike alivyo

Neno "mkali" halimsaidii mtu yeyote, wala neno "mpole". Kinachosaidia ni maelezo kama haya: "Alipomwona mwanamume mwenye kofia umbali wa hatua kumi, alisimama, akafunga mdomo na kushusha mkia, kisha akabweka. Tulipomgeuza na kwenda naye upande mwingine, alikubali chakula mkononi baada ya dakika moja." Sentensi hizo zinamwambia msomaji kilichomtisha mbwa, umbali ulioanza kumtaabisha, ishara zilizotangulia kubweka, na muda aliohitaji kutulia. Hilo la mwisho nalipa uzito mkubwa kuliko yote. Mbwa anayeogopa mambo mengi lakini anatulia upesi ni rahisi kuishi naye kuliko anayeogopa jambo moja na kubaki akitetemeka hadi jioni.

Tujihadhari na majaribio ya kumchokoza mbwa akiwa bandani, kama vile kumsogezea mkono wa bandia anapokula na kutoa hukumu papo hapo. Mwaka 2016 Gary Patronek na Janis Bradley walichapisha makala ya kitaalamu wakionyesha kwamba majaribio ya aina hiyo hayawezi kutegemewa kutabiri mwenendo wa mbwa nyumbani, na wakayalinganisha na kurusha sarafu. Banda lina kelele, harufu za mbwa wengi na usingizi wa mang'amung'amu, na mbwa anayeishi humo hayuko katika hali yake ya kawaida. Kulala nje ya kituo, hata usiku mmoja au miwili, hupunguza kotisoli, yaani homoni ya msongo, ingawa hupanda tena mbwa akirudishwa. Mlezi wa muda atakupa habari ambazo banda haliwezi kutoa: je, hulala usiku? Hupanda ngazi? Hufanya nini mlango ukigongwa?

Kuhusu kuuma, sema yote. Daktari wa mifugo Ian Dunbar alitunga kipimo cha ngazi 6 kinachoangalia jeraha lenyewe: ngazi ya 1 ni vitisho ambapo meno hayakugusa ngozi, ya 2 meno yaligusa bila kutoboa, ya 3 yalitoboa kijuujuu kwa kuuma mara moja, ya 4 jeraha ni la kina, ya 5 mbwa aliuma kwa kina mara nyingi, na ya 6 ni kifo. Andika ngazi, mazingira, nani aliumwa na alikuwa akifanya nini. Anayeficha historia ya kuuma ili mbwa achukuliwe haraka anamweka hatarini mpokeaji, na mara nyingi anampotezea mbwa huyo nafasi ya pili.

Hatua ya tatu: Andika tangazo linaloeleza siku nzima

Acha maneno ya kutisha na ya kuliza. Yanaleta watu wengi kwa siku chache, kisha mbwa hurudi. Huu ni mfano wa tangazo ninaloliona kuwa la haki:

"Neema ni jike wa miaka 6. Ana kifafa, na kila siku humeza kidonge saa moja asubuhi na kingine saa moja usiku, kikiwa ndani ya kipande cha nyama, asipofichiwa hukitema. Degedege la mwisho lilimpata miezi minne iliyopita, likachukua kama dakika moja, na baada yake alizunguka chumbani kwa nusu saa bila kututambua. Hula peke yake mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu humngurumia anayesogelea bakuli lake. Mgeni akiingia, hujificha nyuma ya kiti; akiachwa bila kuitwa wala kuguswa, hutoka mwenyewe na kumnusa viatu. Anahitaji nyumba isiyo na watoto wadogo wala mbwa mwingine. Jioni hupenda kulalia miguu ya mtu aliyeketi anasoma."

Tangazo hili halimsifu Neema kupita kiasi wala halimwombei radhi. Msomaji anayeamka alfajiri na kuishi peke yake atajiona ndani yake, na mwenye nyumba ya wageni wengi atajiondoa bila kuambiwa. Tenganisha yaliyo ya lazima na yale ambayo yangefaa tu. Ukiyaorodhesha yote kuwa ya lazima, utakosa mtu. Picha ipigwe nje ya banda, kwenye mwanga wa kutosha, kamera ikiwa usawa wa macho ya mbwa.

Hatua ya nne: Mhoji mwombaji kuhusu siku yake ya jana

Ukimwuliza mtu kama ana muda wa kumtunza mbwa, atasema anao. Mwombe badala yake akueleze jana aliamka saa ngapi, alitoka saa ngapi, nani alikuja nyumbani na alirudi lini. Kisha weka siku hiyo kando ya siku ya mbwa, mkaitazame pamoja. Nani atatoa dawa mwombaji akisafiri? Mwenye nyumba anaruhusu mbwa? Watoto wa ndugu huja kila wikendi? Mtajie gharama halisi za dawa na vipimo kwa mwezi kabla hajamwona mbwa, maana akishampenda hesabu zitamwia ngumu kusikia.

Hatua ya tano: Mkutanishe naye zaidi ya mara moja

Mwombaji akae ubavu, asimkodolee macho mbwa, amtupie chakula chini badala ya kumnyooshea mkono, na amwache mbwa aamue lini wakaribiane. Ikiwa mwombaji ana mbwa mwingine anayeweza kukubalika, wawili hao watembezwe sambamba mahali ambapo si kwa mmoja wao, wakiwa mbali kwanza, kisha umbali upunguzwe kadiri wote wanavyobaki wametulia.

Katika ziara mojawapo mwombaji atoe dawa kwa mkono wake mwenyewe. Kwa mbwa mwenye kisukari, daktari amfundishe kupima dozi na kuchoma sindano, na amweleze kwamba insulini kwa kawaida huambatana na mlo, na kwamba kulegea, kuyumba au kutetemeka huweza kuashiria sukari kushuka. Nimewaona watu waliodhani hawawezi wakatoka wakitabasamu. Wengine hugundua kwamba kweli hawawezi, na ni heri walijue hilo wakiwa bado kituoni.

Hatua ya sita: Mkabidhi kwa kipindi cha majaribio

Mbwa aondoke na dawa za kutosha, faili lote na mkataba wa maandishi unaosema kwamba anaweza kurudishwa kwenu wakati wowote bila lawama. Kamba ifungwe sehemu mbili, kwenye mkanda wa shingo na kwenye mshipi wa kifuani, kwa sababu mbwa mwoga huchomoka kwa urahisi siku za mwanzo. Wiki ya kwanza isiwe na wageni, kuogeshwa wala matembezi ya mbali. Wengi husema siku 3 za kupumua, wiki 3 za kuzoea na miezi 3 ya kujisikia yuko kwao. Hiyo ni kanuni ya uzoefu tu, na mbwa mwenye woga mwingi huweza kuhitaji zaidi. Piga simu kesho yake, kisha kila wiki.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Mbwa wetu hunguruma mtu akisogelea bakuli, na tumeshauriwa tumnyang'anye chakula ili ajue nani mkubwa. Je, ni sahihi?

Jibu: Marahaba. Si sahihi, ndugu yangu. Kunyang'anywa kunamthibitishia kwamba hofu yake ilikuwa ya haki. Alishwe mahali pa faragha, na mtu anapopita kwa mbali amtupie kitu kitamu zaidi ya kilichomo bakulini, kisha aende zake. Msimwadhibu kwa kunguruma pia, kwa kuwa mngurumo ni onyo. Mbwa aliyefundishwa kunyamaza huweza kuuma bila kuwatahadharisha.

Swali: Je, tumpige picha akiwa amevaa kizuizi cha mdomoni, au tutawafukuza watu?

Jibu: Kama hukivaa anapotembea, picha moja iwepo. Kiwe cha aina ya kikapu, kinachomruhusu kuhema kwa mdomo wazi na kunywa maji, na afundishwe taratibu kuingiza pua mwenyewe kwa kufuata chakula. Anayekimbia kwa kuiona picha hiyo angekimbia pia siku ya kwanza barabarani.

Swali: Familia moja njema sana yenye mtoto wa miaka 2 inamtaka mbwa wa aina ya Neema. Wanaahidi kumtenga wakati wa kula. Nimekosa ujasiri wa kuwakatalia.

Jibu: Wakatalie kwa upole, na uwaeleze sababu. Mtoto wa umri huo huangusha chakula kila mahali, na mlango mmoja kusahaulika kufungwa hutosha. Waulize kama wangeweza kusaidia kwa namna nyingine, kwa mfano kuchangia dawa zake, au kama wangefaa kwa mbwa mwingine mnayemjua vizuri. Na ikitokea mtu yeyote ameumwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali upesi kwa ajili ya kinga ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo.

Swali: Daktari ameanza kumpa mbwa wetu fluoksetini kwa sababu ya hofu ya kuachwa peke yake. Wiki moja imepita na hakuna tofauti. Tumtangaze au tusubiri?

Jibu: Dawa hiyo kwa kawaida huhitaji wiki 4 hadi 6 ndipo matokeo yaonekane, na hufanya kazi vizuri ikiambatana na mazoezi ya kumwacha kwa sekunde chache, kisha dakika, bila kuvuka kiwango anachokimudu. Msiikatishe bila daktari. Mtangazeni sasa, mkieleza kwamba matibabu yanaendelea, na mwanze kwa watu wanaofanya kazi nyumbani.

Swali: Mwalimu, itakuwaje kwa mbwa aliyeuma kwa kina zaidi ya mara moja, na tumejaribu kila njia?

Jibu: Swali hili ni zito, na nakushukuru kwa kuliuliza waziwazi. Kaeni pamoja daktari, mtaalamu wa tabia na mlezi anayemjua, mpime hatari kwa watu na maisha ya mbwa mwenyewe: ana maumivu yasiyotulizika? Anaishi katika hofu kila siku? Kuna nyumba halisi, si ya kufikirika, inayoweza kumdhibiti kwa usalama? Majibu yakielekea upande mmoja, kumlaza kwa amani, yaani daktari kukatisha maisha yake bila maumivu, mikononi mwa anayemwamini ni uamuzi wa huruma, na asiachiwe mtu mmoja kuubeba.

Swali: Mbwa wetu amerudishwa baada ya wiki mbili. Tangazo tuliandike vipi?

Jibu: Mhojini aliyemrudisha mapema, kabla kumbukumbu hazijafifia, na bila kumlaumu. Mtajua alilala wapi, alikula nini, kilichomshinda mtu huyo kilikuwa saa ngapi na katika hali gani. Ongezeni hayo kwenye tangazo lile lile pamoja na sababu ya kurudishwa, mkiandika kwa mfano kwamba alitulia nyumbani mchana kutwa lakini hakuweza kuvumilia mbwa wa jirani aliyebweka ukutani, kisha mtafute nyumba isiyo na jirani wa aina hiyo.