Kabla ya kuandika x: mambo ya kuzingatia unapogeuza fumbo la maneno kuwa mlinganyo

Mpe mwanafunzi wa kidato cha kwanza 12x + 16 = 100, atalimaliza kabla chai haijapoa. Mpe habari ileile kwa maneno ya sokoni, ndoo za dagaa na nauli ya kirikuu (kigari kidogo cha mizigo), kalamu inasimama. Kukokotoa anajua. Kinachomshinda ni mistari miwili ya mwanzo, pale Kiswahili kinapogeuka kuwa alama, na makosa mengi ya aljebra huzaliwa hapo. Kwa hiyo mambo mengi ya kuangalia yako kabla ya x, si baada yake. Bei zote zilizo hapa chini ni za mfano, usiende nazo soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kubishana na mtu.

Anza kwa kusoma fumbo lote bila kalamu mkononi. Anayeanza kuandika tangu sentensi ya kwanza hukamata namba na kuacha habari. Ukimaliza, rudi kwenye sentensi inayouliza, ambayo mara nyingi ni ya mwisho, kisha andika juu ya karatasi maana ya herufi yako pamoja na kipimo chake: x = idadi ya ndoo za dagaa. Usiandike x = dagaa. Tofauti inaonekana ndogo, lakini herufi husimama badala ya namba, haisimami badala ya kitu.

Anayesahau hilo ananaswa na sentensi kama hii: “Kwa kila boti moja ya injini kuna mitumbwi sita ya makasia.” Wengi huandika 6m = b, wakifuata macho: mitumbwi sita, boti moja. Jaribu kwa namba. Boti zikiwa 2, mitumbwi ni 12. Weka 12 mahali pa m: 6 × 12 ni 72, wala si 2. Mlinganyo sahihi ni m = 6b, kwa sababu idadi ya boti ndiyo ndogo na ndiyo inayohitaji kuzidishwa ili ifikie idadi ya mitumbwi. Jaribio hili la namba mbili ndogo halichukui hata nusu dakika, nasi tungeshauri lifanywe kila mara, hata na wale wanaojiona wamebobea.

Mwandiko nao uangaliwe mapema. Herufi s inafanana na 5, b na 6, l na 1, na o ni sifuri kabisa. Ukitumia x, usiweke tena alama ya kuzidisha katikati. Andika 12x, basi. Wapo wanaokosa alama za mtihani si kwa kutojua, bali kwa kushindwa kusoma walichokiandika wenyewe mistari mitatu juu.

Halafu kuna namba zinazotajwa kwa maneno. “Elfu ishirini na tano” ni 25,000 au 20,005? Kwa masikio, yote mawili yanawezekana, ndiyo maana wauzaji makini husema “ishirini na tano elfu”. “Elfu mia tatu na hamsini” ina mtego huohuo: 350,000 au 300,050. Kabla hujaingiza namba ya namna hiyo kwenye mlinganyo, iandike kwa tarakimu na ujiulize kama bei hiyo inaingia akilini.

Saa za Kiswahili zinahitaji uangalifu wa peke yake. Tuseme boti inaondoka Nansio, Ukerewe, saa 2:40 asubuhi na kufika Mwanza saa 6:10 mchana. Anayebonyeza 6.10 − 2.40 kwenye kikokotoo anapata 3.70, jibu lisilo na maana yoyote, kwa kuwa saa ina dakika 60 na si 100. Hesabu kwa hatua: toka 2:40 hadi 3:00 ni dakika 20, toka 3:00 hadi 6:00 ni saa 3, kisha dakika 10. Jumla ni saa 3 na dakika 30. Hapa kuna mtego wa pili: dakika 30 ni saa 0.5, si 0.3. Boti ikienda kilomita 14 kwa saa, umbali ni 14 × 3.5 = kilomita 49; aliyeandika 3.3 amepoteza karibu kilomita 3. Safari ikivuka saa 12, mfano toka saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, ongeza 12 kwenye saa ya kufika kabla ya kutoa: 14 − 11 = 3. Daraja la Kigongo–Busisi, lile la Ziwa Victoria, ni kipimo kizuri cha kujipimia: lina urefu wa kama kilomita 3, na gari likienda kilomita 60 kwa saa linalivuka kwa 3 ÷ 60 = saa 0.05, yaani dakika 3. Ukipata “dakika 0.05”, umesahau kuzidisha kwa 60.

Sasa maneno yenyewe. “Kila” karibu daima ni kuzidisha. “Jumla” ni kujumlisha vitu vya kipimo kimoja tu, shilingi na shilingi, kilo na kilo. “Pungufu ya” hugeuza mpangilio: “bei ya dagaa ni pungufu ya bei ya sato kwa 4,000” ni d = s − 4,000, si 4,000 − s. Lakini sumu kubwa iko kwenye “mara mbili ya”, kwa sababu lazima ujue ni mara mbili ya nini.

Tazama mgawo wa mtumbwi. Mauzo ya usiku ni sh. 400,000, mafuta yamekula 130,000, wavuvi ni wanne, na mwenye mtumbwi anachukua “mara mbili”. Swali la kwanza: mafuta yanatolewa kabla ya kugawana au yanatoka kwenye fungu la mwenye chombo? Fumbo lisiposema, huna mlinganyo. Tuseme yanatolewa kwanza, zinabaki 270,000. Swali la pili: mara mbili ya kila mvuvi, au mara mbili ya wavuvi wote kwa pamoja? Ikiwa x ni fungu la mvuvi mmoja, maana ya kwanza inatoa 4x + 2x = 270,000, yaani x = 45,000 na mwenye mtumbwi 90,000. Maana ya pili inatoa 4x + 8x = 270,000, yaani x = 22,500 na mwenye mtumbwi 180,000. Aljebra zote mbili ni safi. Ugomvi ufukweni hauletwi na aljebra.

Mlinganyo ukishasimama, kutatua ni kazi fupi. Walimu hupenda mfano wa mizani ya sahani mbili, lakini mtoto anayekulia ziwani anaijua zaidi mizani ya kuning’iniza, yenye mshale au tarakimu, na mfano huo haumwambii kitu. Mtumbwi unafaa zaidi: ukishusha gunia upande mmoja, shusha la uzito uleule upande wa pili, la sivyo unalala. Mchuuzi ana 100,000, kirikuu ni 16,000 kwa safari, kila ndoo ni 12,000:

12,000x + 16,000 = 100,000

Toa 16,000 pande zote, zinabaki 12,000x = 84,000. Gawanya pande zote kwa 12,000, x = 7. Hapa MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) huwachanganya watu, maana wamezoeshwa kugawanya kabla ya kutoa. Kanuni hiyo ni ya kukokotoa, yaani kufunga mzigo. Kutatua ni kufungua mzigo: kilichofungwa mwisho kinafunguliwa kwanza. Nauli ndiyo iliyoongezwa mwisho, basi itoke kwanza.

Vitu viwili visivyojulikana si lazima vidai herufi mbili. Mtu kanunua kilo 14 za samaki kwa jumla ya 110,000, sato kwa 9,000 kilo moja na sangara kwa 7,000. Sato zikiwa kilo s, sangara ni 14 − s, na mabano ni ya lazima:

9,000s + 7,000(14 − s) = 110,000

Fungua mabano: 9,000s + 98,000 − 7,000s = 110,000; 2,000s = 12,000; s = 6. Sato kilo 6, sangara kilo 8. Asiyeweka mabano anaandika 98,000 − s, na mwishoni anabaki na 8,999s = 12,000. Ukikutana na namba ya ajabu kama 8,999 katikati ya hesabu ya bei zilizonyooka, usiendelee kugawanya. Rudi utafute mabano yaliyopotea.

Mafumbo ya umri yana kosa moja tu la kudumu: miaka ikipita, inapita kwa wote. Baba ana umri mara 4 ya mwanawe, na baada ya miaka 6 atakuwa mara 3: 4x + 6 = 3(x + 6), mtoto ana miaka 12. Anayesahau kumuongezea mtoto 6 hupata umri hasi.

Asilimia hudanganya hata wafanyabiashara. Bei imepanda kwa asilimia 20, sasa ni 6,000. Zamani ilikuwa ngapi? Si 4,800. Asilimia 20 ilihesabiwa juu ya bei ya zamani, ambayo ndiyo x, kwa hiyo 1.2x = 6,000 na x = 5,000.

Jibu likipatikana, lihakiki kwenye maneno ya fumbo, si kwenye mlinganyo. Mlinganyo uliokosewa utalikubali jibu lake lenyewe bila aibu. Kisha angalia kama jibu linaweza kuishi nje ya karatasi. Yule mchuuzi angekuwa na 95,000, x ingekuwa 6.58, ndoo haiuzwi vipande, kwa hiyo ananunua 6 na kubaki na 7,000. Lakini watu 50 wanaovushwa na mitumbwi inayobeba 12 kila mmoja wanahitaji mitumbwi 4.17, na hapo unapanda hadi 5, kwa kuwa ukishuka hadi 4 wawili wanabaki ufukweni.